Kitabu cha Prince Harry kimeandikwa na mtu mwingine. Je, kilio nacho ni cha kukodi?

Mwandika Barua (mleta mada)

Wakuu, kwema?

Nimechelewa, najua. Kitabu kilitoka tarehe 10 Januari 2023, dunia ikakitafuna wiki ileile ikakitema, mimi ndiyo kwanza nimekimaliza juzi kwenye basi la Dodoma. Nilikuwa nakikwepa. Vichwa vya habari vilishanishibisha: kaka kamsukuma mdogo wake kaangukia bakuli la mbwa, sijui baridi ya Ncha ya Kaskazini imemuunguza mahali pasipotajika mbele ya wakwe. Nikasema huu ni umbea wa Waingereza, tuwaachie wenyewe.

Kilichonirudisha ni kusikia kwamba aliyekiandika si yeye. Na kazi hiyo mimi nimeifanya kidogo, ndiyo maana humu najiita hivi.

Kwa ambao hawakufuatilia: kitabu kinaitwa Spare. Neno hilo sisi tunalo gereji kila siku, spea. Tairi la spea linalala chini ya buti, hakuna anayelikumbuka mpaka mwenzake apate pancha. Katika ukoo wa kifalme mtoto wa kwanza ni mrithi, wa pili ni spea. Harry anasimulia kuwa siku aliyozaliwa, baba yake, Charles, alimwambia mama yake, Diana, kwamba sasa amekwisha kumpa mrithi na spea, kazi yake imetimia. Utani, pengine. Ila mtoto amekua anaukuta utani huo kila kona ya nyumba. Wahispania walipokitafsiri walikipa jina lenye maana ya "Kivulini", na hapo naona wamemtaja mwandishi wenyewe bila kujua.

Huyo wa kivulini anaitwa J. R. Moehringer, Mmarekani, mwanahabari aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Ndiye aliyemwandikia Andre Agassi wa tenisi na Phil Knight, mwanzilishi wa Nike. Mwenyewe kakulia kwa mama, baba hayupo. Magazeti yaliripoti kuwa kwa kazi ya Harry alilipwa dola milioni 1. Jalada lina uso wa Harry na jina la Harry, basi.

Sasa watu husema: kama hakushika kalamu, basi si chake. Mimi nimetoka humo na mawazo mengine kabisa. Naona pale kitabu kinapochoma kweli, ni pale mgeni alipojua aache nini.

Tazameni asubuhi ya tarehe 31 Agosti 1997, Balmoral kule Scotland. Mtoto ana miaka 12, bado yuko kitandani. Baba anaingia na joho jeupe la usingizi. Anaketi ukingoni mwa kitanda, anaweka mkono kwenye goti la mtoto, anamwambia mama amepata ajali ya gari. Mtoto anasubiri ile sehemu ya pili: amepelekwa hospitali, anaendelea vizuri. Haiji. Baba hamkumbatii. Mkono unarudi tena kwenye goti, anaambiwa mambo yatakuwa sawa. Halafu baba anatoka.

Nimeisoma mara tatu hiyo. Goti tu. Sisi msibani mtoto aliyefiwa hata ukitaka kumwacha peke yake huwezi, kila anayeingia anamvuta kifuani, anavutwa mpaka anakereka. Huyu siku sita baadaye, tarehe 6 Septemba, anatembezwa nyuma ya jeneza katikati ya London, yeye na kaka yake William wa miaka 15, barabara imejaa watu wanaolia kwa sauti, na yeye haruhusiwi. Anasema alilia mara moja, kaburini Althorp, kisha ikawa basi kwa miaka na miaka.

Na akajitungia lake: mama hajafa. Amejificha. Amechoka kufukuzwa na wapiga picha, amepanga chumba mahali, siku moja atatuma mtu aje kuwachukua. Aliishi na hilo mpaka utu uzima. Akiwa na miaka 23 yuko Paris kwa mechi ya Kombe la Dunia la raga, anamwomba dereva ampitishe kwenye lile handaki la Pont de l'Alma kwa mwendo uleule waliosema gari la mama yake lilikuwa nao. Alidhani ni pango la kutisha. Akakuta ni handaki fupi la kawaida. Akamwambia dereva arudie.

Moehringer baadaye, Mei 2023, aliandika makala ndefu katika jarida la The New Yorker akieleza jinsi walivyofanya kazi. Kuna ugomvi mmoja anausimulia. Majira ya joto 2022, saa nane usiku, wanazungumza kwa video, mwandishi anamfokea mwana wa mfalme. Walikuwa wanabishania kipande cha mafunzo ya jeshi. Harry alitekwa kwa maigizo, kafunikwa uso, kapigwa, kanyimwa chakula, na mwishoni mmoja wa watekaji akamtukania mama yake. Harry alimjibu. Jibu kali, la akili. Akataka kipande kiishie kwenye jibu lake. Mwandishi akakataa katakata.

Harry akamweleza sababu: maisha yake yote watu wamemwona hana akili, na jibu lile lilionyesha kuwa hata baada ya kipigo kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Mwandishi akamwambia ndiyo, na hiyo ndiyo sababu litoke. Kwamba kitabu cha kumbukumbu si maisha yako yote, ni hadithi iliyochongwa kutoka ndani ya maisha yako, na msomaji hakuja kuhakikisha kama wewe ni hodari. Harry akakubali. Likatoka.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu kwenye basi, jirani akanigeukia. Kwa sababu ugomvi huo niliwahi kuufanya mimi, barazani kwa mzee mmoja, karani mstaafu wa wilayani, kati ya sahani ya mihogo na madaftari yake matatu. Mzee alitaka nimwandikie maisha yake wajukuu wasome. Naye alikuwa na jibu. Mwaka 1979 bosi wake alimpigia mluzi mbele ya wageni aje achukue faili. Akamwambia: "Mimi siyo ng'ombe wa kuitwa kwa mluzi." Nikalitoa. Nilimwambia maneno yanayokaribia yale ya Moehringer, ingawa wakati huo simjui.

Karibuni tujadili. Na tafadhali, hoja za mkewe Meghan zina nyuzi zake humu, zimejaa.

Siti ya Mbele

Nimeshavuta kiti, nina karanga. Endeleeni.

Kalamu Nyekundu

Mkuu umeandika vizuri ila umempamba sana huyo fundi wako. Mbona hukusema makosa? Kitabu kinasema mama yake kabla ya kufa alimnunulia Xbox, akapewa siku alipotimiza miaka 13, yaani Septemba 1997. Xbox imeingia sokoni 2001! Dola milioni moja na hakuna aliyekagua? Ukilipwa hivyo hata mwaka wa mashine ya michezo huwezi kuutafuta?

Mwandika Barua (mleta mada)

Mkuu Kalamu, hilo la Xbox lilisambaa sana nami nililingojea kwa hamu nilipofika. Soma mistari inayofuata. Anasema hivyo ndivyo inavyosimuliwa, imerudiwa kila mahali kama msahafu, na yeye hajui kama ni kweli. Kisha anasema kumbukumbu zake tangu siku ile ziliacha kurekodi kama zamani. Waliokata kipande wakakitupia mitandaoni waliishia pale pa kuchekesha.

Makosa mengine yapo, sibishi. Kifo cha bibi mzaa bibi yake mwaka 2002 anasema simu ilimkuta shuleni Eton, magazeti yakatoa picha yuko Uswisi anateleza kwenye theluji. Ila mapema tu ameshatuonya kuwa yeye hukumbuka mahali, vyumba, njia, na tarehe hana habari nazo. Ndiyo maana handaki analikumbuka.

Binti wa Ngamiani

Naomba niseme jambo, halafu mnisamehe likiwa refu.

Hapo kwenye "mama amejificha" watu wengi walimcheka. Mimi mama yangu alifariki nina miaka tisa. Nyumbani Tanga nikaambiwa mama kaenda Mwanza kutibiwa. Nikapelekwa kwa shangazi Muheza. Matanga yakafanyika, arobaini ikapita, mimi niko Muheza nacheza rede. Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya, walikuwa wananihurumia. Shangazi kila nikimuuliza anasema "Mwanza mbali, mwanangu", anaenda jikoni.

Nimejua nina miaka kumi na moja, kwa mtoto mwenzangu, tukigombania zamu ya bomba. Lakini niwaambie kitu: hata baada ya kujua, sikuacha. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina kazi yangu, nikatumwa Mwanza kikazi, nikashuka stendi nikajikuta naangalia nyuso za wanawake. Wanawake wa umri ambao mama angekuwa nao. Mtu mzima, na begi la kompyuta mgongoni.

Kwa hiyo huyo mwana wa mfalme sijui aliandikiwa na nani na sijali. Anayeandika "amejificha" ama amefiwa utotoni ama amekaa sana na aliyefiwa akamsikiliza vizuri.

Siti ya Mbele

Pole sana dada. Karanga nimeweka chini.

Mwandika Barua (mleta mada)

Pole, Binti. Sina la kuongeza hapo. Huo wa stendi ya Mwanza ndio uzi wenyewe, wangu ulikuwa utangulizi.

Mtu wa Mtoni

Assalaam alaykum jamaa. Nyinyi mnazungumza ya ukoo wa Windsor kama jambo jipya, na sisi hapa Unguja tunaye wetu tangu 1886, kilipotoka kitabu chake. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said. Kazaliwa 1844 kasri ya Mtoni, magofu yake mpaka leo yapo ufukweni, ukitoka mjini kuelekea Bububu unayapita.

Hesabuni muone. Baba yake kafa baharini 1856 akirudi kutoka Oman, mtoto ana miaka kumi na mbili, sawasawa na huyo wenu. Mama yake kafa 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huohuo ndugu wanagombania kiti, Barghash na Majid, naye akaingizwa upande wa Barghash kwa sababu alijua kuandika, akawa ndiye katibu wao wa siri, ana miaka kumi na tano. Na kuandika hakufundishwa na mtu! Mtoto wa kike wakati ule alifundishwa kusoma tu. Alijifundisha kwa kificho, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Baadaye akapendana na mfanyabiashara Mjerumani jirani yake, akashika mimba, akatoroka 1866 kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akenda Hamburg. Mume akagongwa na tramu 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika baridi ile. Ndipo alipoanza kuandika utoto wake, kwa ajili ya wanawe, kwa Kijerumani. Lugha ya kujifunzia ukubwani, na hakukodi mtu.

Kwa hivyo mimi namuuliza mleta uzi kwa heshima: kama Salme ameweza kwa mfupa wa ngamia, huyu aliyesoma Eton kimemshinda nini?

Mwandika Barua (mleta mada)

Waalaykum salaam, sheikh. Umenikamata. Ile kasri ya ufukweni Forodhani, makumbusho, nimewahi kuingia, kuna chumba chake. Nilipita haraka, nilikuwa nawahi boti. Sasa najuta.

Jibu langu ni kwamba vipaji vinatofautiana. Salme angekuwa mwandishi hata kama angezaliwa kwa mvuvi. Harry ana uchungu na hana kalamu, na wenye hali hiyo ndio wengi duniani. Lakini umenifungua jambo: wote wawili wanaandika kutoka nje. Yeye Ujerumani, huyu California. Na wote wawili kitabu hakikuwarudisha nyumbani. Salme alikuja Unguja 1885 na meli za kivita za Kijerumani, kaka yake Barghash, ambaye zamani Salme ndiye aliyemshikia kalamu ya barua za siri, akakataa kumpokea.

Mtu wa Mtoni

Naam. Kafa 1924 kule kwao wajerumani, na kazikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Hebu mtafute mwandishi wa kivuli akubunie hicho.

Kijana wa Nanyuki

Wadau, mimi niko Kenya na kuna kitu hamjagusa. Kwa hicho kitabu hao ndugu wanagombana juu ya Afrika! Mkubwa anaona mambo ya ndovu na vifaru ni yake, mdogo aachane nayo, ashike ya wanajeshi waliojeruhiwa. Nilisoma nikasimama nikazunguka chumba. Ndovu wanapita kwa shamba ya babangu, wanakula mahindi, hakuna mtu ametuuliza ni za nani.

Huku kwetu wanakuja sana. Nyanya yao Elizabeth alipata umalkia akiwa hoteli ya Treetops, Februari 1952. William alimchumbia Kate hapa Mlima Kenya 2010. Harry naye Botswana ndiko anasema alipumua mara ya kwanza baada ya mama kufa. Sikatai, nyika inatuliza mtu. Lakini kwa hicho kitabu Afrika ni kama hospitali ya familia moja. Mwenyeji anaonekana akibeba taa.

Mwandika Barua (mleta mada)

Mkuu wa Nanyuki, hapo nakuunga mkono mia kwa mia, na hapo ndipo mwandishi wa kivuli alipolala. Alipaswa amuulize: hawa watu waliokupikia wana majina? Lesotho angalau kulikuwa na kazi. Mwaka 2006 alianzisha shirika la hisani la Sentebale pamoja na Prince Seeiso, kwa kuwakumbuka mama zao wote wawili, na sehemu ya pesa ya kitabu, dola milioni 1.5, ilitangazwa kwenda huko. Ila kwenye kurasa, nyika ni tupu mno.

Mchumi Uchwara

Kwa hiyo mtu ana jumba Montecito kule California, kauza nakala milioni 1.43 kwa siku moja tu, Marekani, Kanada na Uingereza, halafu mimi wa bajaji nimuonee huruma. Aliacha kazi za kifalme akisema atajitegemea. Uhuru gani huo wa kujitegemea? Baba alipokata mshahara kaenda kuuza siri za nyumbani. Huku kwetu mtu wa hivyo anaitwa mtoboa mtumbwi.

Bi Maktaba

Mchumi, siri za nyumba hiyo zinauzwa tangu zamani, tena kwa kalamu za watu. Baba mkubwa wa bibi yake Harry, Mfalme Edward wa Nane, aliachia kiti 1936, na 1951 akatoa kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na mwanahabari Mmarekani, Charles Murphy. Mwalimu wa nyumbani Marion Crawford, aliyemfundisha Elizabeth na mdogo wake, aliandika mambo matamu tupu juu ya watoto hao mwaka 1950, familia ikamsusa mpaka kufa.

Na Diana mwenyewe! Kile kitabu cha Andrew Morton cha 1992 kilidaiwa kimetokana na marafiki zake. Alipokufa ndipo Morton akasema wazi: Diana alikuwa anajirekodi kwenye kanda ndani ya Kensington Palace, rafiki yake daktari anazichukua, anaondoka nazo kwa baiskeli.

Kwa hiyo mama alisema kwenye kanda, mtu akaandika. Mtoto akasema kwenye video, mtu akaandika. Pesa sizungumzii, kila mtu na deni lake.

Mchumi Uchwara

Baiskeli imenimaliza. Haya, nitakitafuta, lakini cha kuazima.

Binti wa Ngamiani

Mleta mada, nimeulizwa na mume wangu nikuulize. Yule mzee wa mluzi, alikubali?

Mwandika Barua (mleta mada)

Nilitumaini hakuna atakayeuliza.

Nilimpelekea rasimu, akaisoma barazani kwa kidole, mstari kwa mstari, miwani imefungwa uzi. Akafika penyewe. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaja tena mbele. "Mluzi uko wapi?" Nikamweleza yote, kwamba msomaji ataona unajisifu, kwamba ukinyamaza aibu inabaki kwa bosi. Akanisikiliza. Akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi." Akaomba chai.

Alifariki kabla vitabu havijatoka kiwandani, nakala hamsini. Siku ya mazishi vijana wanachimba, mmoja wa wajukuu, simjui, anamwagiza mwenzake jembe kwa kupiga mluzi. Yule mwenzake akaitika bila kugeuka: "Mimi siyo ng'ombe wa kuitwa kwa mluzi." Wakacheka wote, mpaka wazee. Kumbe ukoo mzima unaujua. Ndio mstari wake. Baadaye binti yake, kitabu mkononi, akaniuliza kwa upole kama kuna kurasa zilizoruka.

Harry msomaji wake ni dunia nzima, labda Moehringer alikuwa sahihi kwake. Mzee wangu wasomaji wake walikuwa thelathini na wote wanakaa njia moja.

Zimebaki nakala nne kwangu. Nimeuandika ule mstari kwa peni, ukurasa wa 61, pembeni, kwenye zote.

Siti ya Mbele

Piga picha huo ukurasa wa 61, mkuu. Tuone mwandiko.